Kioo Hakina Kosa

Mwaka 1977, katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, Mjerumani Gunther von Hagens alibuni njia ya kuuzuia mwili wa mtu usioze bila kuutia ndani ya chupa ya dawa. Maiti hudungwa fomalini, hupasuliwa na kusafishwa kwa vikoleo vidogo wiki baada ya wiki, kisha huzamishwa katika asetoni yenye baridi kali ili maji na mafuta yatoke. Baada ya hapo huwekwa ndani ya chombo kinachonyonywa hewa. Asetoni hugeuka mvuke ikatoka, na plastiki laini ikaingia mahali pake mpaka ndani ya seli. Kazi hiyo hufikia saa 1,500 kwa mwili mmoja. Kinachobaki ni kikavu, hakinuki, na kabla hakijakakamaa kinaweza kupewa mkao wowote. Ndiyo maana katika maonyesho yake ya Körperwelten, yaliyoanzia Japani mwaka 1995 na tangu hapo yakazunguka mabara, watu huwakuta marehemu wakicheza sataranji, wakipanda farasi, wakiruka na mpira. Mmoja amesimama wima, amechunwa mwili mzima, na ngozi yake mwenyewe ameining'iniza mkononi kama mtu aliyevua koti. Mkao huo si wa leo. Katika kitabu cha anatomia cha Mhispania Juan Valverde, kilichochapwa Roma mwaka 1556, yumo mtu aliyejichuna vivyo hivyo, kisu mkono mmoja na ngozi mkono wa pili.

Ubishi juu ya maonyesho kama haya hupita njia iliyozoeleka. Upande mmoja husema elimu: mvutaji sigara akiona pafu jeusi kando ya pafu safi hatahitaji mahubiri. Upande wa pili husema heshima: maiti huzikwa, haiwekwi ukumbini watu wakalipa kiingilio. Naona pande zote mbili zimekazia macho kioo, na kioo hakina kosa. La kuuliza liko nyuma yake: mwili huu ulifikaje hapa, na kwa neno la nani? Nashikilia kwamba marehemu anaweza kudhulumiwa kama anavyodhulumiwa aliye hai, na kwamba dhuluma hiyo haitokani na kutazamwa. Inatokana na kuchukuliwa. Elimu inayopatikana baadaye, hata iwe kubwa kiasi gani, haikigeuzi kilichochukuliwa kikawa kilichotolewa.

Aliyelelewa katika mila za Waislamu wa Pwani ataona hapo nimerahisisha mno. Kwake maiti huoshwa chini ya shuka. Mwoshaji hujifunga kitambaa mkononi asiguse utupu kwa kiganja kitupu, na akiona kidonda au kilema hatoki nacho nje. Alichokiona humo hukiacha humo. Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud inakulinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuvunja mfupa wa aliye hai. Mtu wa mila hiyo, akimkuta mwenzake hana hata ngozi ya kumsitiri, atasema kosa ni huko kufunuliwa na falsafa haina la kuongeza. Mshtuko wake ni wa haki, nami sitaki kuubeza. Lakini ipo miili miwili inayonizuia nisikubali kwamba kufunuliwa ndiko kosa lenyewe. Wa kwanza ni wa Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyefariki London mwezi wa Juni 1832. Aliacha wasia kwamba mwili wake upasuliwe mbele ya rafiki zake kwa ajili ya elimu, kisha mifupa ivikwe nguo zake mwenyewe na kuketishwa kitini. Hadi leo yuko University College London, ameketi na kofia yake. Kichwa kilikaushwa vibaya mpaka kikatisha, kikabadilishwa na cha nta. Tunaweza kumwona Bentham kuwa mtu wa vituko, ila hakuna awezaye kusema kuwa amedhulumiwa. Anayetaka kumtoa kitini akamzike kwa nguvu ndiye atakayemdhulumu.

Wa pili ni wa karibu zaidi nasi. Mkwawa wa Uhehe alipojiua mwaka 1898 akikataa kushikwa na Wajerumani, walimkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulilitaja kwa jina katika kifungu cha 246, lakini halikurudi mpaka mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Twining alilichagua miongoni mwa mafuvu ya makumbusho ya Bremen kwa kupima ukubwa na kwa tundu la risasi, kwa hiyo wapo wanaotilia shaka kama ndilo. Lakini nataka tutazame mahali lilipo. Halikuzikwa. Liko Kalenga, karibu na Iringa, katika makumbusho madogo, ndani ya sanduku la kioo, na wanafunzi hupelekwa kulitazama. Bremen lilikuwa kwenye makumbusho, Kalenga liko kwenye makumbusho. Ikiwa kuwekwa hadharani ndiko dhuluma, basi Wahehe nao wanamdhulumu babu yao, jambo ambalo sijamsikia mtu akilisema. Tofauti ya Bremen na Kalenga ni ya mkono ulioliweka pale na haki iliyokuwa nayo mikono hiyo miwili.

Historia ya anatomia, ukiisoma kwa swali hilo, hubadilika sura. Huwa tunaisoma kama hadithi ya ushujaa: Andreas Vesalius akathubutu kumpinga Galeno, ambaye kwa karne 13 alikuwa ndiye kauli ya mwisho ingawa alipasua nyani na nguruwe badala ya watu. Vesalius akaonyesha kuwa taya la chini la mtu ni mfupa mmoja, si miwili kama alivyofundisha Galeno. Kitabu chake kilitoka Basel mwaka 1543 na tiba haikuwa tena ile ile. Yote hayo ni kweli. Basel hiyo hiyo, mwaka huo huo, Vesalius aliunganisha kwa mikono yake mifupa ya mtu, nayo ingali katika makumbusho ya anatomia ya mji huo. Ni ya Jakob Karrer, mhalifu aliyeuawa kwa hukumu. Aliyenyongwa au kukatwa kichwa hakuwa na wa kumsemea, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa machoni mwa wanaanatomia. Waingereza waliliweka wazi kabisa: sheria yao ya mwaka 1752 iliamuru wauaji wapasuliwe baada ya kunyongwa, na upasuaji ukahesabiwa kuwa sehemu ya adhabu. Wanyongwaji walipopungua na wanafunzi wa udaktari kuongezeka, makaburi yakaanza kufukuliwa usiku, na Edinburgh, mwaka 1828, William Burke na William Hare wakaona kufukua ni kazi ya bure. Waliua watu 16 wakawauza kwa mwalimu wa anatomia Robert Knox. Burke alinyongwa Januari 1829, naye akapasuliwa, na mifupa yake iko katika chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1832 bunge likatafuta dawa, na dawa ilikuwa hii: maiti za waliofia katika nyumba za mafukara, zisizodaiwa na jamaa, zipewe vyuo. Iliyokuwa adhabu ya muuaji ikahamia kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kufa bila fedha. Ni mwaka ule ule ambao Bentham, mtu mwenye mali na jina, aliuacha mwili wake kwa hiari. Yeye aliandika wasia, wao hawakuulizwa.

Hapa ndipo huinuka pingamizi kongwe na zito kuliko yote. Epikuro, Mgiriki aliyekufa karne ya 3 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba aliyekufa hahisi chochote, kwa hiyo hakuna kinachoweza kumdhuru. Diogene, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, anasimuliwa kuwa aliwaambia rafiki zake wamtupe nje akifa. Walipomkumbusha wanyama, akaomba awekewe fimbo ya kuwafukuza. Walipomuuliza atawafukuzaje ilhali hana fahamu, akawajibu kwamba basi hao wanyama watamwumizaje. Si wapagani tu waliofikiri hivyo. Agostino, askofu wa Hippo, katika risala yake juu ya kuwahudumia wafu, alishikilia kwamba kaburi zuri halimwongezei marehemu kitu, na shahidi aliyeliwa na wanyama hakupungukiwa. Kwake, tunazika kwa sababu ya upendo wa walio hai na imani ya ufufuo. Kama ni hivyo, Burke na mafukara na Mkwawa hawakupoteza chochote, na tunaolalamika tunajililia wenyewe.

Pingamizi hilo linachukulia kwamba dhuluma ni maumivu. Lakini mtu akimsingizia jirani aliyehamia Muscat, na jirani asijue maisha yake yote, amemdhulumu. Kutojua hakumwondolei msingiziaji hatia. Aristoteli naye, katika maadili yake, hakuwa tayari kusema kwamba yanayotokea baada ya kifo hayamhusu kabisa aliyekufa. Ushahidi ulio karibu zaidi uko msibani kwetu. Kabla jeneza halijaondoka, ndugu mmoja husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwa wanawe. Hakuna anayecheka. Hakuna anayesema kwamba mdaiwa amekwisha kuwa udongo na udongo haudaiwi. Sote tunakubali kwamba aliyekufa anaweza kuwa bado anadaiwa, na madhehebu ya fiqhi huyaweka madeni yake mbele ya urithi. Basi awezaye kudaiwa anaweza pia kudai. Huwezi kumfunga mtu kwa maneno aliyoyasema akiwa hai pale yanapomgharimu, halafu ukayafuta pale yanapomlinda. Anayedhulumiwa ni mtu yule yule aliyeishi, aliyekuwa na neno juu ya mwili wake, na neno lile likapuuzwa mara tu alipokosa nguvu ya kulitetea.

Mtetezi wa elimu atasema kwamba naongea hewani, na atanipa kisa cha Charles Byrne, nami nakichukua kwa sababu ndicho kinachoipa hoja yake nguvu zote. Byrne, jitu la Ireland lenye urefu wa karibu mita 2.3, alikufa London mwaka 1783 akiwa na miaka 22. Alijua wapasuaji wanamngojea, akaomba azikwe baharini, wasimpate. Daktari John Hunter akahonga wasimamizi wa jeneza, akampata, akamchemsha akabaki mifupa, na kwa zaidi ya miaka 200 mifupa hiyo ikasimama katika makumbusho yenye jina la Hunter. Mwaka 1909 daktari Harvey Cushing akafungua fuvu na kuona kwamba shimo la tezi ya pituitari limepanuka. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba wamepata katika meno yake badiliko la jeni ambalo bado linazunguka katika koo za Ireland ya Kaskazini, na leo watu wa koo hizo wanaweza kupimwa mapema. Faida iliyoje! Siikatai. Ila tazama ilivyopatikana. Nusu ya utafiti ilikuwa damu ya watu walio hai walioombwa wakakubali, na nusu ya pili ilikuwa meno. Haikuhitaji mifupa isimame ukumbini karne mbili, wala haihitaji iendelee kuhifadhiwa sasa baada ya jeni kusomwa. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2023 mifupa iliondolewa ukumbini, lakini haikupelekwa baharini. Imewekwa ndani kwa ajili ya utafiti wa baadaye. Neno la Byrne lilikuwa bahari. Mpaka leo elimu iliyokwisha kupatikana hutumiwa kutetea kisichohitajika tena kwa elimu hiyo.

Na pale elimu inapohitajika kweli? Atlasi ya anatomia ya Eduard Pernkopf, iliyochorwa Vienna wakati wa Wanazi, ina picha za neva ambazo wapasuaji wengine hawajaona zinazozishinda. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Vienna uliokamilika mwaka 1998 ulibaini kwamba taasisi yake ya anatomia ilipokea angalau miili 1,377 ya watu waliouawa kwa hukumu katika miaka ile. Rabi Joseph Polak, ambaye mwenyewe alinusurika kambi ya Bergen-Belsen akiwa mtoto, aliulizwa kama mpasuaji anaweza kukifungua kitabu hicho kuokoa kiungo cha mgonjwa. Jibu lake la mwaka 2017 lilikuwa kwamba inafaa, kwa sharti kwamba kila anayehusika aambiwe picha zimetoka wapi. Jibu hilo linanikinaisha kwa sababu halikisafishi kitabu. Linamruhusu mgonjwa apone na linaliacha deni likionekana, na tukishakubali kwamba deni lipo, hatuwezi tena kusema kwamba faida imelilipa.

Wapo watakaonipinga kutoka upande mwingine: kwamba kumwuliza mtu binafsi juu ya mwili wake ni fikra ya kigeni, na Afrika mwili ni wa ukoo. Mahakama za Kenya zilishughulika na jambo hilo mbele ya taifa zima baada ya wakili S. M. Otieno kufariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, akisema ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, na Mei 1987 ukoo ukashinda. Mimi naona hukumu ile ilimpunja mjane, lakini hata anayeiunga mkono hapati ndani yake kibali cha makumbusho. Mke na ukoo walibishana nani kati yao ana haki ya kusema, na ubishi huo una maana kwa sababu tu pande zote mbili zilijua kwamba mtu wa nje hana neno. Aliyelichukua fuvu la Mkwawa hakumuuliza Mkwawa, wala mwanawe, wala mzee yeyote wa Uhehe. Kwa mizani ya mtu binafsi ameiba, na kwa mizani ya ukoo ameiba.

Ugumu halisi uko kwa asiye na jina. Baraza la Fiqhi la Rabita, yaani jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lililokutana Makka mwaka 1987, liliruhusu upasuaji wa maiti kwa ajili ya kufundisha udaktari na likaweka masharti mazuri: usivuke kiasi cha dharura, wanawake wapasuliwe na madaktari wa kike wakipatikana, na kila kipande kizikwe. Liliweka pia sharti la idhini ya marehemu au warithi, lakini kwa maiti inayojulikana ni ya nani. Maulamaa wana sababu yao, kwani asiyejulikana hana wa kuulizwa. Hata hivyo upenyo ni huo huo, na biashara imeupenya. Maonyesho ya kampuni moja ya Kimarekani yaliyofunguliwa New York mwaka 2005 yalitumia miili kutoka China ambayo haikudaiwa na mtu. Mwaka 2008, baada ya uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo, kampuni ililazimika kubandika tangazo kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa miili hiyo si ya wafungwa waliouawa. Ufaransa mahakama zilikwenda mbali zaidi, zikayafunga maonyesho ya namna hiyo mwaka 2009. Si kila asiye na jina alikuwa hana jina. Mara nyingi kuna aliyelifuta, au aliyeona faida ya kutolitafuta. Berlin yalirundikwa mafuvu ya Afrika Mashariki zaidi ya 1,100 yaliyokusanywa enzi ya ukoloni, mengi kutoka Rwanda, na kwa zaidi ya karne yalihesabiwa kuwa vielelezo tu. Mwaka 2023 wenye kuyahifadhi walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai Tanzania, na fuvu moja likatambuliwa kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi. Walioitwa wasiojulikana walikuwa na wajukuu Kilimanjaro. Kwa sababu hiyo sioni tatizo kwa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959: mwenye miaka 1,750,000 hana wa kumsemea aliye karibu kuliko binadamu wote kwa pamoja. Akida alikuwa naye.

Hoja hii haitupi sisi nafasi ya kukaa pembeni tukiwanyooshea Wazungu kidole. Vyuo vingi vya udaktari barani Afrika, vikiwemo vya Afrika Mashariki, hufundishia maiti zisizodaiwa, kwa mantiki ile ile ya bunge la Uingereza la mwaka 1832, ingawa shirikisho la kimataifa la wanaanatomia limependekeza tangu mwaka 2012 kwamba itumike miili iliyotolewa kwa hiari peke yake. Watetezi wa utaratibu huu husema daktari hawezi kujifunzia kwenye picha, na wana haki. Wala simtaki mpasuaji ambaye kisu chake cha kwanza kitakuwa juu ya mgonjwa. Lakini nani huyu asiyedaiwa? Ni kibarua aliyekufa mbali na kwao, mtoto wa mitaani, mzee ambaye wanawe wanajua fika alipo ila bili ya mochwari imepanda kila siku mpaka ikawashinda, wakaacha kwenda. Familia iliyoshindwa na bili haijampa mtu ridhaa. Husemwa pia kwamba Mwafrika hatakubali kamwe kuutoa mwili wake, kwa hiyo hakuna njia nyingine. Sijui ni Waafrika wangapi waliokwisha kuulizwa, wala waliulizwa na nani, kabla ya hukumu hiyo kutolewa. Profesa anayewaambia wanafunzi wake kwamba maiti ni mwalimu wao wa kwanza, na shehe au padri anayefundisha kwamba elimu hiyo ni halali, wana wino na karatasi kama alivyokuwa navyo Bentham. Majina yao wenyewe yakiwa ya kwanza kwenye daftari la watoaji, ndipo tutajua kama watu wa kawaida wanakataa.